Rangi Imekataa: Kutafuta Chanzo cha Kasoro kwenye Vipande vya MDF Vilivyokatwa kwa Leza

Kipande cha MDF, ubao ule wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, kikiharibika wakati wa kupaka rangi, lawama huangukia rangi ya juu kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mara nyingi rangi hiyo haina kosa. Kosa liko chini yake: masizi yaliyoachwa na leza, ukingo uliofyonza bila kipimo, au unyevu wa hewa ya Dar ulionaswa kati ya mkono (mpako) mmoja wa rangi na mwingine. Na kwa kazi ndogo yenye nakshi, kama mlango wa Unguja wenye urefu wa kiganja, daladala ya mfano yenye fremu nyembamba za madirisha au majina ya maharusi ya kusimamisha juu ya keki, kuna adha ya ziada. Kila mkono unaoongeza ili kuficha kasoro unakula nakshi. Kwa hiyo kipimo changu cha dawa yoyote ni kimoja: je, inaingia ndani ya ubao au inakaa juu yake? Inayokaa juu naitumia pale tu nisipokuwa na njia nyingine.

Kabla ya kufungua kopo jingine

Ukienda kuchukua kazi kwa fundi wa leza, dai na mabaki. Vile vipande vya kutupa vimetoka kwenye ubao uleule na vimekatwa kwa mwali uleule, kwa hiyo vitakuambia ukweli bila kukuharibia kazi.

Dondosha tone la maji kwenye ukingo. Likizama ndani ya sekunde chache, hapo hapajazibwa, hata kama jicho linaona mng'ao. Likikaa limejikusanya kwa dakika nzima, tafuta chanzo kwingine. Kisha sugua ukingo mbichi kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikitoka nyeusi au kahawia, masizi bado yapo. Jaribio la tatu ni la rangi iliyokwisha kupakwa: gusa mahali pa kificho kwa pamba yenye tina (thinner). Rangi ikiyeyuka na kuchafua pamba, ni ya tina au ya akriliki. Ikivimba na kujikunja, ni ya mafuta na haijakomaa. Isipotikisika, una msingi imara na unaweza kujenga juu yake.

Kingo zimeota manyoya na zinakunywa rangi

Hili ndilo lalamiko namba moja, na linahitaji kueleweka vizuri kwa sababu nusu ya matatizo mengine yanazaliwa hapa.

MDF ni nyuzi za mbao zilizochanganywa na gundi, kwa kawaida ya urea na fomaldehaidi, kisha zikashindiliwa kwa joto. Katika kushindilia huko, nyuso mbili za nje hubanwa zaidi kuliko moyo wa ubao. Ndiyo maana uso huchukua rangi kwa adabu, ilhali ukingoni, ambako moyo umefunuliwa, nyuzi ziko wazi na kila moja inafyonza. Rangi ya maji ikigusa hapo nyuzi huvimba, husimama, na hukauka zikiwa zimesimama.

Leza, hata hivyo, haikati kama msumeno. Joto lake huuacha ukingo na ganda jembamba la kahawia, gumu kuliko moyo wa ubao wenyewe. Ganda hilo ni rafiki. Adui ni masizi mepesi yaliyokaa juu yake, yale yanayochafua vidole. Mtu akichukua msasa na kukwangua mpaka aone ubao mbichi, ameondoa vyote viwili, kisha anashangaa kwa nini ukingo sasa unakunywa kuliko mwanzo. Ukingo wa leza unafutwa, haukwanguliwi.

Manyoya huota pia pale leza ilipochora bila kukata. Kuchora kumeondoa uso ule uliobanwa na kufunua moyo, kwa hiyo mistari ya maua ya mlango au maandishi ya ubavuni mwa daladala ina kiu ileile ya ukingo. Wengi huziba kingo kwa uangalifu mkubwa halafu wanasahau sakafu ya mchoro.

Kama manyoya yameshatokea, acha kupaka. Mkono wa pili hautayalaza, utayavika koti tu. Acha kipande kikauke mpaka kesho yake, halafu pitisha msasa namba 320 au 400 uliobandikwa kwenye kijiti cha aiskrimu ili usile kona. Kwenye matundu madogo, kata msasa vipande vyembamba uvipitishe mle kama unavyopitisha uzi. Vaa barakoa inayoziba sawasawa. Vumbi la MDF ni laini mno na halifai mapafuni. Kisha ziba.

Cha kuzibia sasa. Kwa nakshi nyembamba chaguo langu la kwanza ni shelaki, yaani utomvu wa wadudu wa laki, unaouzwa kwa magamba na kuyeyushwa kwenye spiriti. Gramu 100 hadi 120 kwa lita moja ya spiriti zinatoa kimiminika chepesi kinachozama ndani. Spiriti haivimbishi nyuzi kama maji, na hukauka upesi. Pitisha mkono mmoja kote, subiri ukauke, gusa kwa msasa namba 400 kwa mkono mwepesi, kisha pitisha wa pili kwenye kingo na michoro tu. Tafuta iliyoondolewa nta, maana yenye nta huifanya rangi ya maji isishike. Na yeyusha kiasi cha kutumia karibuni: shelaki iliyolala kwenye chupa miezi mingi hufikia mahali ikakataa kukauka, ikabaki inanata.

Usipoipata, waulize mafundi samani wa Keko, hapa Dar, wanapaka nini chini ya vanishi. Watakuonyesha sila, ile inayochanganywa na tina na kupigwa msasa ikikauka. Kwenye kabati wao huipiga nzito, na wana haki. Wewe mkono wa kwanza upunguze nusu kwa nusu na tina ili uzame. Ikiwa tayari, hutoa unga mweupe mkavu chini ya msasa. Ikiujaza msasa vinundu vinavyonata, bado haijakauka.

Kwa ncha zilizo nyembamba kabisa, kama mkia wa herufi au nguzo ya dirisha yenye upana wa milimita moja, gundi ya supagluu ile ya majimaji inafanya kazi ambayo hakuna kingine kinachoifanya: inazama, inagandisha nyuzi, na ncha inakuwa ngumu kiasi cha kutovunjika ukiishika. Inagandishwa na unyevu, kwa hiyo hapa kwetu inashika upesi sana. Unyevu huohuo, hewa ikiwa imetulia, huifanya iache utando mweupe kandokando. Utando huo hauna neno chini ya rangi. Ufute, pitisha msasa, endelea.

Gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji inapendwa kwa sababu ni rahisi na ipo kila duka. Mimi siipendi kwa kazi ya nakshi. Maji yake yenyewe huvimbisha nyuzi, na ikikauka inakuwa na ulaini wa mpira unaoziba msasa badala ya kusagika. Kwa ukingo mpana ulionyooka, kama msingi wa nyumba ya mfano, afadhali hata puti ya ukutani: paka kwa kidole, acha ikauke, sawazisha. Ila puti ikikaribia nakshi, imeizika.

Watu wa Dar tuna mfano wa karibu wa njia nyingine kabisa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora hapa mjini mwishoni mwa miaka ya 1960, alifanya kazi juu ya mbao za nyuzi zilizoshindiliwa, ndugu wa MDF, kwa rangi ya mafuta ya kung'aa ya aina iliyotumika kwenye baiskeli. Rangi ya mafuta haina maji, kwa hiyo nyuzi hazisimami. Kwenye ubao bapa matokeo ni yale yanayoonekana mpaka leo kwa wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay: laini, yenye kung'aa. Tatizo ni kwamba rangi hiyo ni nzito na hukauka polepole, na kwenye nakshi ya matundu hujikusanya konani na kuning'inia. Itumie kwenye nyuso, si kwenye nakshi.

Nyeupe imegeuka kahawia

Umepaka nyeupe, jioni ilikuwa safi, asubuhi kuna kivuli cha rangi ya chai kando ya kila mkato. Unapaka tena, kinarudi, hafifu zaidi lakini kinarudi. Hayo ni mabaki ya gundi na mbao zilizoungua, yenye utomvu wa moshi unaoyeyuka. Rangi inapolowa huyavuta juu, na ikikauka inayaacha usoni. Rangi ya maji inayavuta, ya tina nayo inayavuta, kwa hiyo kubadili kopo hakusaidii.

Dawa inaanza na kufuta. Pamba za masikio na mswaki laini vilivyochovywa kwenye spiriti, ukibadilisha pamba kila inapochafuka, la sivyo unayahamisha tu masizi kutoka ukingoni kwenda usoni. Usioshe kwa maji. Baada ya hapo shelaki inafanya kazi yake ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa: inayafungia madoa chini. Mkono wa kwanza uwe mwepesi wa kupuliza au wa kugusa, usisugue brashi mbele na nyuma, maana spiriti iliyomo inaweza kuyaamsha mabaki kabla haijakauka.

Kama masizi ni mazito kupita kiasi, rudi kwa fundi wa leza. Ukingo mweusi wa makaa mara nyingi unaeleza habari za mashine: lenzi chafu, mwali haukulengwa sawasawa, spidi ndogo mno, au pampu ya hewa inayopaswa kupuliza moshi kutoka kwenye mkato imezimwa au ni dhaifu. Mwombe pia abandike mkanda wa karatasi usoni kabla ya kukata. Moshi utachafua mkanda, wewe utabandua uso safi. Ubandue taratibu na kwa pembe ya chini, hasa kwenye ubao wa bei rahisi, kwa sababu unaweza kuondoka na nyuzi za juu.

Halafu kuna suluhisho la mvivu mwenye akili: usilazimishe nyeupe. Mlango wa Unguja wa mfano ukianza na kahawia nzito au nyeusi chini, doa lote la moshi linakuwa kivuli cha bure ndani ya maua, na wewe unapaka rangi nyepesi kwenye migongo ya nakshi tu.

Nakshi zimezama

Kopo si la kulaumiwa hapa, hesabu ndiyo. Mkono mmoja wa brashi ukikauka unaacha takribani sehemu 4 hadi 5 za mia za milimita, na wa kupuliza unaacha takribani nusu ya hapo au pungufu. Piga mikono mitatu kwa brashi na kila ukuta wa mfereji umeongezeka karibu milimita 0.15. Mfereji una kuta mbili. Mstari uliochorwa kwa upana wa milimita 0.4 umebaki na 0.1, na tone moja la vanishi litaumalizia.

Kwa hiyo anza kwa kuhesabu mikono uliyo nayo: kizibio, praima (rangi ya msingi), rangi, vanishi. Kwenye kipande chenye nakshi nyembamba, praima nzito ya kujazia, ile inayosifiwa kwa kuficha mikwaruzo, haina nafasi. Kazi yake ni kujaza, na itajaza unachotaka kibaki wazi. Ukishaziba kwa shelaki au sila nyepesi, mkono mmoja wa praima ya kawaida uliopulizwa kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25 unatosha, ukianza kupuliza nje ya kipande na kumalizia nje yake, bila kusimama katikati.

Wenye brashi wasikate tamaa. Punguza rangi, brashi iwe karibu kavu, na vuta kwa kukatiza nakshi, si kwa kuifuata, ili nywele zipite juu ya mfereji bila kusukuma rangi ndani. Tone likishaingia, lifyonze papo hapo kwa ncha ya karatasi laini iliyosokotwa au kwa brashi tupu. Likishakauka, kijiti cha kuchokonolea meno kilicholoweshwa kidogo kwa kiyeyushio cha rangi hiyo kinaweza kulitoa, lakini kwa kazi ya matundu mengi unaanza kuomba umri.

Njia ninayoipendekeza zaidi kwa maandishi na mistari ni kugeuza utaratibu: paka kabla ya kukata. Ziba ubao mzima, upake rangi ya akriliki, uache siku kadhaa ukomae, ubandike mkanda wa karatasi, ndipo uupeleke kwenye leza. Mwali unapita kwenye mkanda na rangi na kuchora mstari ulio safi kabisa. Kabla ya kubandua mkanda, ziba sakafu ya mchoro na uijaze rangi ya pili. Ukibandua, mpaka kati ya rangi mbili umenyooka kuliko mkono wowote unavyoweza. Sharti moja: mwambie fundi ni rangi gani iko juu, na usimpelekee kitu chochote chenye vinyili ya PVC, kwa kuwa ikiungua hutoa hewa ya asidi yenye klorini inayodhuru watu na kula mashine.

Ukungu mweupe juu ya rangi au vanishi

Huu ni ugonjwa wa pwani. Rangi ya tina inapokauka, tina hupaa na kuondoka na joto. Uso wa kipande unapoa, na hewa yenye unyevu mwingi ikiugusa inaacha umande, uleule unaouona kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Umande unanaswa ndani ya utando unaoganda, na nyeusi yako inakuwa ya kijivu, vanishi inakuwa ya maziwa. Sila na vanishi za nitroselulosi, zile za tina zinazokauka upesi, zinapata zaidi, na shelaki pia.

Saa ina uzito kuliko chapa ya kopo. Hapa Dar unyevu huwa juu kabisa usiku na alfajiri, hupungua jua linapopanda, kisha hurudi jioni. Puliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, subiri siku ambayo nguo zinakauka kwenye kamba. Kama kanga haikauki, vanishi haitakauka vizuri pia. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kumalizia kazi zilizolala. Na kama kipande kilikuwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, kiache nje nusu saa kipate joto kabla ya kukipuliza.

Kuponya: usipake juu ya ukungu. Ngoja saa kavu, kisha puliza vumbi jembamba sana la tina inayokauka taratibu. Inalainisha uso, maji yanapata njia ya kutoka, rangi inarudi mbele ya macho yako. Kwenye rangi ya kopo la kupuliza, mkono mwepesi wa kopo lilelile mchana mkavu mara nyingi hufanya vivyo hivyo. Fanyia nje au penye dirisha wazi pande mbili, mbali na jiko la mkaa au la gesi. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kufuata moto.

Usichanganye ukungu huo na weupe unaokwaruza kidole. Ule ni rangi iliyokaukia hewani kabla ya kufika, kwa sababu ya upepo, jua kali au kupulizia mbali. Sogea karibu, tafuta kivuli, pitisha msasa namba 600, rudia.

Rangi imekunjamana

Dakika chache baada ya mkono wa pili, uso unajikunja na kuinuka. Kiyeyushio cha juu kimelowesha rangi ya chini iliyokuwa imekauka usoni tu. Mafundi wa rangi za magari wanalijua hili: mafuta juu ya rangi ya tina sawa, tina juu ya rangi ya mafuta hapana, isipokuwa imekomaa kabisa au imetenganishwa na shelaki. Makopo ya kupuliza yana mtego wake. Mengi yameandikwa mgongoni kwamba mkono wa pili upigwe ndani ya saa moja hivi au baada ya siku moja au mbili. Katikati ya hapo ndipo kunapokunjamana. Soma kopo lako, maana muda unatofautiana.

Iliyokunjamana haina tiba ya kupakwa juu. Iache ikauke siku kadhaa, isage au iondoe, uanze upya. Kama ni kipande kidogo cha nakshi, kukatisha kingine kwa leza mara nyingi ni nafuu kuliko saa zako.

Kipande kimepinda

Ubao wa milimita 2 au 3 uliopakwa upande mmoja kwa rangi ya maji utapinda, hilo halina mjadala. Upande uliolowa huvimba kwanza, kisha utando wa rangi unapokauka huvuta kuelekea kwake, na upande wa nyuma ulio wazi unaendelea kunywa unyevu wa hewa kwa wakati wake. Paka pande zote mbili, kizibio kilekile, siku ileile. Kilichokwisha kupinda kwa kupakwa upande mmoja, paka upande wa pili na ukilaze kikiwa kimekauka usoni kati ya karatasi za kuokea, juu yake kioo na vitabu vizito. Kilicholoweshwa na mvua mpaka kikavimba unene hakirudi.

Ndimi haziingii, gundi haishiki

Ile hesabu ya nakshi inakufuata mpaka kwenye kuunganisha. Tundu la kuungia lilichorwa upana wa milimita 3, na ulimi, yaani kijitokezo kinachoingia humo, una unene wa 3. Baada ya mikono mitatu ya brashi pande zote, tundu lina 2.7 na ulimi una 3.3. Ukiulazimisha, nyundo itaamua, na MDF hupasuka katikati ya unene wake, tabaka kwa tabaka.

Pia ubao ulioandikwa milimita 3 si lazima uwe 3. Upime unene kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) kabla mchoro haujatumwa, na uunganishe kavu kila kitu kabla ya kupaka chochote.

Ndimi na ndani ya matundu usipake. Zibandike mkanda wa karatasi, zibaki uchi. Gundi nyeupe inashika kwa kuingia kwenye nyuzi, na ulichoziba kwa ustadi ni nyuzi hizohizo. Ikiwa tayari zimepakwa, kwangua ulimi kwa wembe mpaka ubao uonekane. Ndiyo sehemu pekee ambapo nakuruhusu kukwangua. Penye rangi pande zote mbili na hapakwanguliki, tumia supagluu nzito au gundi ya kuchanganya sehemu mbili, ukijua kwamba kiungo kitakuwa imara kiasi cha rangi iliyo chini yake na si zaidi.

Mkanda unaondoka na rangi

Angalia nyuma ya kibanzi kilichobanduka. Kikiwa na unga mweusi, masizi hayakufutwa. Kikiwa na manyoya ya ubao, uso ulikuwa dhaifu na haukuzibwa. Kikiwa safi na laini, rangi haikupata pa kushika: kizibio kilikuwa kinang'aa na hakikuguswa na msasa, au kulikuwa na nta au mafuta ya vidole. Na mkanda usilale juu ya kazi usiku kucha kwenye joto la Januari. Bandua mkanda rangi ikiwa bado mbichi kidogo, ukiukunja juu yake wenyewe.

Imekauka lakini inanata

Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni, kwa hiyo kipande kilichofungiwa kwenye boksi kinabaki kibichi ndani hata kama juu kina ngozi. Kitoe, kipe hewa, kipe wiki. Feni inasaidia, mradi rangi imeshashika kiasi cha kutookota vumbi. Kama ilipakwa nene, hakuna haraka itakayosaidia.

Rangi za maji za ukutani zina tabia tofauti: zimekauka kweli, ila zenyewe ni laini, na kwenye joto letu nyuso mbili zilizobanana hushikana na kung'oana. Kwa vitu vya kushikwashikwa mkono wa juu uwe wa vanishi ngumu ya akriliki. Kwa kichezeo cha mtoto hakikisha kopo limeandikwa kwamba rangi haina madini ya risasi, na usitumie rangi za magari za kuchanganya na kigandishi, ambazo mvuke wake unahitaji kinga ambayo barazani huna.

Vinavyosubiri kusafirishwa au kuuzwa, vipange vikiwa vimesimama au uweke karatasi ya kuokea kati ya kimoja na kingine, usiweke gazeti kwa sababu wino wake unahamia. Penye kunata kidogo, poda ya mtoto kwa brashi kavu inatosha, ukiifuta baada ya siku mbili tatu.